Farasi wakitoroka usiku wa radi

Swali: "Shikamoo, Mwalimu. Nina farasi watatu: jike wa miaka 18, dume aliyehasiwa wa miaka 9 na dume kijana wa miaka 2. Usiku wa Jumapili radi ilipiga karibu, tawi la mti mkubwa ulio pembeni mwa uwanja likaangukia ua, na wote watatu wakatoka. Tuliwafukuza kwa gari na tochi kwa muda wa karibu saa tatu hadi barabara kuu. Kila tulipowakaribia walizidi kukimbia. Alfajiri tuliwakuta wamesimama nje ya ua wa jirani ambaye naye ana farasi. Dume aliyehasiwa alikuwa na jeraha dogo karibu na kifundo cha mguu wa nyuma. Nililiosha, lakini leo ni siku ya nne na anachechemea. Jike naye tangu siku hiyo hakamatiki hata uwanjani. Utabiri unasema mvua nyingine zinakuja. Niwafungie bandani au niwaache nje? Na wakitoka tena, nifanye nini?"

Marahaba, dada. Kabla ya mvua, kabla ya ua, kabla ya jambo lolote lingine, mpigie daktari wa mifugo leo kuhusu mguu wa dume wako. Usingoje kesho. Jeraha dogo karibu na kifundo ndilo linaloniogopesha kuliko pande la ngozi lililochanika kifuani likaning'inia. La kifuani linatisha kwa macho, lakini chini yake kuna nyama nene, na mara nyingi hupona vizuri. Kwenye kifundo, chini ya ngozi tu kuna kiungo na mifuko ya kano yenye ute wake. Tundu la upana wa msumari likifika humo, vijidudu huingia mahali ambapo dawa hupenya kwa shida, na farasi anaweza kupoteza mguu, na kwa farasi kupoteza mguu ni kupoteza maisha. Wengi hudanganyika kwa sababu jeraha lenyewe linaonekana linapona. Kuchechemea kunakoanza au kuzidi baada ya siku kadhaa ndiyo dalili. Ukiona pia majimaji ya manjano yanayoteleza kama ute wa yai, mwambie daktari hivyo hivyo kwenye simu, ataelewa haraka anayotakiwa kuwa nayo.

Wakati unamsubiri, mwache dume asimame mahali pakavu. Osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vidogo viwili vya chumvi kwa lita moja. Usipake majivu, mafuta wala dawa ya unga. Usimpe dawa ya maumivu kabla hajaonwa, kwa kuwa itaficha kuchechemea ambako daktari anahitaji kukuona. Na tafuta kumbukumbu za chanjo ya pepopunda. Farasi ni miongoni mwa wanyama wanaoshikwa na ugonjwa huo kwa urahisi sana, na majeraha ya kuchomwa ndiyo mlango wake. Kama chanjo imepitwa na wakati au hujui, sema hivyo wazi.

Sasa turudi usiku wa Jumapili.

Umeandika kwamba kila mlipowakaribia walizidi kukimbia. Hawakuwa wakaidi. Farasi hana pembe wala kucha. Alichopewa ni miguu, na silika yake inamwambia akimbie kwanza, afikiri baadaye. Siku ya kawaida anakimbia hatua chache, anageuka, ananusa, anasikiliza, kisha anarudi kula. Usiku wa dhoruba hawezi kufanya hivyo. Upepo unavuruga harufu, mvua inazima sauti ndogo ambazo kwa kawaida humwambia kwamba mambo ni salama, na kila kitu, kuanzia majani hadi mabati, kinatikisika kwa pamoja. Kwa mnyama anayeishi kwa kutambua kitu kilichosogea, huo ni usiku ambao kila kitu kimesogea. Anabaki na kanuni moja tu: kama kuna kinachonifuata, nisisimame.

Kisha likaja gari. Taa mbili kali nyuma yao, mngurumo, watu wanaopaza sauti ili wasikike katikati ya mvua. Macho ya farasi huona gizani vizuri kuliko yetu, lakini huchukua muda mrefu kuzoea mwanga wa ghafla. Ukimmulika usoni unampofusha kwa muda, na farasi asiyeona hukimbia kuelekea popote. Hivyo, bila kukusudia, nyinyi ndio mliowafikisha barabara kuu. Sisemi hivi kukulaumu. Nimewahi kufanya kosa hilo hilo nikiwa kijana wa kazi, kwa kundi la farasi sita, na yule tuliyempoteza kwenye daraja bado namkumbuka kwa rangi ya mkia wake. Tangu hapo sijamkimbiza farasi aliyetoroka, hata mara moja.

Kwa hiyo wakitoka tena, jambo la kwanza ni kusimama ukasikiliza. Kama radi bado inapiga, ingia ndani. Hesabu sekunde kutoka mmweko hadi ngurumo, gawanya kwa tatu, unapata umbali kwa kilomita. Ikiwa ni chini ya sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10 na inaweza kukupiga wewe. Ngoja dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Najua jinsi dakika hizo zinavyouma ukijua farasi wako wako nje. Zitumie kwa simu. Kama kuna uwezekano wowote wa farasi kufika barabarani, wa kwanza kupigiwa ni polisi: wako wapi, wangapi, rangi gani, wanaelekea upande gani. Halafu majirani wenye mifugo. Halafu daktari, ajue tu kwamba huenda ukamhitaji.

Ukitoka, toka na watu wachache waliotulia kuliko umati. Kila mtu viatu vigumu, kofia ngumu kama ipo, nguo inayoakisi mwanga. Beba kamba nyingi kama idadi ya farasi, na moja ya ziada. Umbali wa mita 10 kutoka kwenye waya wowote wa umeme ulioanguka ndio mpaka, hata kama farasi amesimama upande wa pili anakutazama. Maji yanayokwenda kasi pia usiyaingie, kwa sababu farasi huogelea vizuri kuliko wewe.

Wape wawili kazi ya barabara, mmoja kila upande, wasimame kabla ya kona na si baada yake. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde, na hata barabara ikiwa kavu linahitaji zaidi ya mita 50 kusimama. Barabara ikilowa, umbali huo unaweza kuwa maradufu. Dereva lazima akuone wewe mapema sana, kabla hajamwona farasi. Mwambie apunguze, azime taa kali na asipige honi.

Mtu mmoja abaki nyumbani. Lango la uwanja liwe wazi, malango mengine yote yafungwe, na ndoo ya chakula iwe tayari. Farasi wengi hurudi wenyewe hofu ikipungua, na inasikitisha wakirudi wakute lango limefungwa na watu wote wako porini wanawatafuta.

Kuwatafuta anzia pale walipotokea. Ukwato wa farasi anayekwenda shoti huchimba zaidi kwenye ncha, na hatua zinakuwa mbalimbali. Alama zikianza kukaribiana na kina kulingana, wametulia na hawako mbali. Tafuta kinyesi kibichi. Zima tochi mara kwa mara usikilize. Kama alama zimefutwa na mvua, fikiri kama farasi: atakwenda upepo ukimpiga mgongoni, atatafuta uwazi anakoona mbali, na zaidi ya yote atatafuta farasi wenzake. Ndiyo maana wako mliwakuta kwa jirani. Kama mmoja wao ulimnunua karibuni, angalia pia njia inayoelekea kwa mwenye zamani.

Ukiwaona, usiende kwao. Simama mahali wanapoweza kukuona, mwanga wa tochi ukiwa chini miguuni mwako, na zungumza kwa sauti yako ya kila siku, ile unayotumia wakati wa kuwalisha. Wanaweza kuwa wamekusikia kabla hujawaona, kwa kuwa masikio yao hushika sauti nyembamba ambazo yetu hayafiki. Lakini kusikia hatua si kujua ni nani. Sauti yako ndiyo inayowaambia ni wewe.

Halafu chagua unayemwendea. Kila kundi lina mmoja ambaye wengine humfuata, na kwa maelezo yako naamini ni jike. Mshike yeye, nusu ya kazi imekwisha. Mtu akianza na dume kijana kwa sababu yuko karibu, jike ataondoka, na kijana atamfuata hata kama ameshikwa kwa kamba. Nimeona watu wakiburutwa hivyo.

Tembea kwa mzunguko, kana kwamba unakwenda mahali pengine kabisa, ukilenga bega lake. Moja kwa moja usoni si pazuri, maana mbele ya paji la uso wake kuna sehemu ambayo haoni. Nyuma yake hasa pia haoni, na huko ndiko kuna mateke. Pembeni anaona karibu kila kitu. Usimkazie macho. Akiinua kichwa na masikio yakakaza kukuelekea, simama. Akijiandaa kuondoka, wewe ondoka kwanza, hatua mbili tatu nyuma. Hapa ndipo watu wengi hushindwa, kwa sababu mkono unataka kunyoosha kamba. Lakini farasi anapokuona umerudi nyuma, kile alichokuwa anakiogopa kimepungua, na mara nyingi hushusha kichwa, hulamba midomo, hata husogea kukunusa. Hapo unasogea tena. Inaweza kuchukua dakika 5, inaweza kuchukua saa nzima, na hiyo saa ni fupi kuliko saa tatu za gari.

Ukimfikia, mkono wa kwanza uende kwenye bega au pale shingo inapokutana na mgongo. Usianze na uso. Farasi wenyewe hukunana mahali hapo, na kukunwa hapo hushusha mapigo ya moyo. Kisha pitisha kamba shingoni, na baada ya hapo ndipo umvishe kamba ya kichwani. Kamba usiizungushe mkononi kamwe, ikunje mara mbili kiganjani iwe rahisi kuiachia.

Kuhusu ndoo ya chakula: ni msaada mkubwa kwa farasi mmoja, na ni hatari katikati ya watatu. Watagombana juu yake na wewe utakuwa katikati ya mateke. Kama unaitumia, itikise, wasikie, kisha tembea nayo kuelekea nyumbani bila kuwapa mpaka wameingia. Na kama jirani yako atakubali, farasi wake mtulivu akiongozwa kwa kamba hadi mahali walipo, akala nyasi bila haraka, atawavuta kuliko binadamu yeyote.

Kurudi ni kwa hatua za kutembea. Jike mbele. Usimpige, usimgombeze, hata kama amekutesa usiku kucha. Farasi huunganisha adhabu na kitu kilichotokea sekunde ile, na kilichotokea ni kwamba amekubali kushikwa. Nashuku jambo la namna hii ndilo lililompata jike wako alfajiri ile, na nitalirudia mwishoni.

Wakishafika, usiwaache tu na kwenda kulala. Hata kama unaona wazima, pitisha mikono kila mguu, ndani ya mapaja, chini ya tumbo, chini ya singa za shingoni. Damu na tope usiku zinafanana. Inua kila ukwato utazame. Ukikuta msumari umezama kwenye wayo, usiuchomoe isipokuwa unaendelea kumchoma akikanyaga. Daktari anahitaji kuona umeelekea wapi na umefika kina gani, na ukiuchomoa tundu hujifunga lisionekane tena. Wape maji. Imani kwamba farasi aliyetoka jasho akinywa atakufa haina msingi, mwache anywe. Baada ya saa moja ya kupumzika, moyo wa farasi mzima unapaswa kurudi kwenye mapigo 28 hadi 44 kwa dakika, pumzi 8 hadi 16, joto la mwili karibu nyuzi 37.5 hadi 38.5. Ukikuta moyo bado uko juu ya 60, piga simu. Akikakamaa nyuma, anatoka jasho bila sababu, na mkojo una rangi ya kahawia, misuli yake imeumia kwa mbio: usimtembeze, mwache alipo na mwite daktari.

Ulizia pia walikopita. Kama waliingia ghala la nafaka au pumba, ni dharura hata kama wanaonekana wamefurahi. Farasi hawezi kutapika. Alichokula kupita kiasi kinachacha tumboni, na sumu zake zinaweza kufika kwenye kwato baada ya siku moja au mbili na kuharibu tishu zinazoshikilia mfupa ndani ya ukwato. Ugonjwa huo, laminitisi, ukianza kuonekana umeshachelewa kuuzuia. Na baada ya dhoruba, zungukeni uwanja muondoe matawi yaliyoanguka, hasa kama kuna mioliana (oleanda) au miti mingine yenye sumu jirani, kwa sababu majani yaliyodondoka farasi huyaonja.

Sasa ndani au nje. Watu hubishana kuhusu hili kana kwamba kuna jibu moja, na kila mmoja ana hadithi ya banda lililoanguka au ya farasi aliyepigwa radi chini ya mti. Zote ni kweli. Jibu linategemea ni kitu gani kati ya vinne kinachotisha zaidi mahali pako: radi, upepo, maji au barabara.

Radi hupendelea vitu virefu vilivyo peke yake, na hapo mti wako mkubwa unanitia wasiwasi kwa sababu ya pili, mbali na matawi. Radi ikiupiga, umeme husambaa ardhini kuuzunguka, ukiwa mkali karibu na shina na kupungua kadiri unavyokwenda mbali. Farasi anayejikinga mvua hapo ana miguu ya mbele mahali penye nguvu kubwa na ya nyuma mahali penye nguvu ndogo, au kinyume chake, na tofauti hiyo husukuma umeme upande mguu mmoja, upite mwilini, ushuke mwingine. Ndiyo sababu mifugo hufa makundi chini ya mti ambao wenyewe una mchubuko tu. Ua wa waya nao hubeba umeme huo mbali sana na pale radi ilipopiga. Zungushia mti huo uzio kwa umbali mzuri, ili wasiweze kusimama chini yake, na umwite mtu anayejua kazi akate matawi yanayoelekea ua. Hii ni kazi ya wiki hii.

Mpaka hapo itakapofanyika, kwa farasi wako, penye radi na mvua ya kawaida, nachagua bandani. Uwanja una mti, ua umeshavunjika mara moja, na barabara kuu iko karibu. Lakini kwa masharti. Waingie saa moja au mbili kabla, kukiwa bado shwari. Kuwaongoza farasi watatu mlangoni wakati ngurumo imeshaanza ni kutafuta ajali nyingine. Waonane wote watatu, kwa kuwa farasi anayewasikia wenzake bila kuwaona huhangaika kuliko aliye nje kwenye mvua. Bati zote zigongwe upya, misumari iliyochomoza iondolewe, na chochote kilichoegemezwa ukutani kitolewe. Wape nyasi kavu nyingi kuliko kawaida. Kutafuna huwatuliza, na kumeng'enya nyuzinyuzi hutoa joto mwilini. Jaza maji ya siku 2 au 3, maana farasi mmoja hunywa lita 25 hadi 45 kwa siku, na pampu zisizo na umeme hazimjali mtu.

Ukisikia onyo la upepo wa kuezua mapaa, au banda liko bondeni na mto unapanda, nabadilisha uamuzi. Banda likianguka farasi hana pa kukimbilia, na maji yakiingia penye milango iliyofungwa huzama akiwa amesimama. Hapo ni bora uwanja mkubwa ulioinuka, mbali na miti, nguzo na waya, ambapo anaweza kufanya alichofanya farasi tangu zamani: kugeuza matako kwenye upepo, kushusha kichwa, kubana mkia na kungoja. Ukiwaacha nje namna hiyo, vua blanketi na chochote kinachoweza kunasa. Kamba ya kichwani iwe ya ngozi inayokatika akinasa. Ile ya nailoni haikatiki, itakatika shingo.

Kuna jambo moja la ua ambalo ningelifanya kabla ya kubadilisha hata nguzo moja. Weka mpaka wa pili. Umesema tawi lilivunja ua na farasi wakafika barabarani, maana yake kati ya uwanja na barabara hapakuwa na kitu kingine. Ua wowote utavunjika siku moja, hata ulio bora, kwa sababu miti ni mizito na farasi mwenye hofu ana kilo 500. Lakini lango la nje la eneo lako likifungwa kila usiku, na mapengo ya pembezoni yakazibwa, ua wa uwanja ukivunjika farasi wanabaki nyumbani, wanakula maua yako, na unawakuta asubuhi. Hakuna uwekezaji mwingine wa kufuga farasi ninaoutetea kwa nguvu kama huu.

Mengine ni madogo. Kama una ua wa umeme, usiutegemee peke yake, umeme ukikatika ni uzi tu, na wapo farasi wanaojifunza kulijua hilo. Kipini cha juu cha bawaba ya lango kigeuzwe kitazame chini, ili lango lisiinuliwe likang'oka. Komeo la kusukuma pembeni liongezewe mnyororo, maana midomo ya farasi ni hodari kuliko tunavyodhani.

Waweke alama pia. Mikrochipu yenye tarakimu 15, inayowekwa upande wa kushoto wa shingo, haipotei kwenye mafuriko, lakini inahitaji mtu mwenye kifaa cha kuisoma. Kwa hiyo, dhoruba kubwa ikikaribia, andika namba yako ya simu ubavuni kwa rangi ya kuwekea mifugo alama, kubwa, isomeke kutoka mbali. Wapige picha pande zote mbili, na miguu, na uso, kisha mpe nakala ndugu anayeishi mbali. Usingekuwa na picha, ungethibitishaje kwa mtu usiyemfahamu kwamba jike wa kahawia aliyesimama kwenye zizi lake ni wako?

Watu wataniuliza kuhusu kuwazoesha ngurumo kwa sauti zilizorekodiwa. Fanya, kwa sauti ndogo wakati wanakula, ukiongeza kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na urudi chini mara tu anapoacha kutafuna. Inasaidia kiasi. Ngurumo ya kweli hutikisa ardhi, na spika haitikisi. Mimi naona faida kubwa zaidi katika kuwazoesha mluzi mmoja. Piga mluzi, ndipo uweke chakula, kila siku bila kukosa, mpaka siku moja wakiwa mwisho wa uwanja wakusikie wainue vichwa na kuja wenyewe. Mluzi huo utafanya kazi gizani, mahali ambapo tochi haifanyi.

Nimemweka jike mwisho kwa sababu ndiye ufunguo wa wengine wawili. Hakamatiki kwa kuwa usiku ule watu walipomjia, yalifuata saa tatu za kukimbizwa na gari, na huenda aligombezwa aliposhikwa alfajiri. Anakumbuka vizuri, na ana haki. Kwa siku 7 usimshike kabisa. Ingia uwanjani mara 2 kwa siku bila kamba. Mkaribie kwa mzunguko kama nilivyoeleza, simama anapotaka kuondoka, na geuka uende zako kabla yeye hajaenda zake. Akikuruhusu kumgusa, mkune pale shingo inapokutana na mgongo, hesabu hadi kumi, uondoke wakati bado anataka zaidi. Siku ya 5 au ya 6 nenda na kamba begani, usiitumie. Siku ya 8 mvishe, mtembeze hatua kumi, mvue, mwache arudi kwa wenzake.